Tisa

Karatasi ya maabara imeandika tisa.
Inatakiwa thelathini, akasema daktari,
macho yake kwenye kompyuta.
Mimi, Salha binti Nasor, mwalimu wa jiografia,
niliyewachorea watoto wa Mawaleh miaka ishirini na miwili
jinsi miale inavyoiangukia tropiki ya Kansa,
nimepungukiwa na jua.

Penye miti, nikajisemea, hapana wajenzi.
Nje ni nyuzi arubaini na sita.
Mlango wa gari naufungua kwa ncha ya baibui,
usukani naushika kama anayeshika chungu jikoni,
na ndani ya mifupa yangu kumbe ni kipupwe.
Kiyoyozi cha chumbani, cha gari, cha darasani, cha dukani:
nahamishwa kama nyama,
friji hadi friji.

Basi nimesimama duka la dawa la Al Khoudh
mbele ya rafu inayonizidi kimo.
Chupa za wanawake zina ua, za wanaume zina radi.
Zenye chuma, zisizo na chuma,
za waliofika hamsini, za wanaoikataa hamsini,
vidubu vya kutafuna vyenye ladha ya chungwa.
Mafuta ya samaki kutoka Norwe,
riali nane na baisa mia tisa,
na sisi huku dagaa wakizidi
twawalisha ngamia.

Wifi yangu Thuraya kanitumia sauti ya dakika sita.
Ana kisanduku cha vijumba ishirini na vinane,
asubuhi, mchana, jioni, usiku, wiki nzima.
"Magnesi ya usingizi, zinki ya nywele, kolajini ya uso,
na wifi, usichukue ya rahisi,
ya rahisi hupita tu."

Mwanangu Azzani naye ana ndoo ya unga juu ya friji,
protini, ladha ya biskuti.
Huikoroga alfajiri kwa mashine inayoamsha mtaa.
Kifua kimejaa, mashallah, shati linalalamika.
Juzi nikamwomba anipandishie mtungi wa gesi.
Akanambia, Mama, jana ilikuwa siku ya miguu.

Kikapu changu kimefika chupa saba
ndipo Bindu, mfamasia, akatoka nyuma ya kaunta.
Mtu wa Kerala. Kiarabu chake na changu
hukutana njiani, vikaamkiana.
"Usisome mbele," akasema. "Soma nyuma."
Mbele, mwanamke anaruka hewani, meno yote nje.
Nyuma, maandishi madogo kama utitiri.
Nikavaa miwani.
Jelatini ya ng'ombe, au ya yule mwingine?
Akageuza chupa, akanionyesha kwa ukucha.

Akaanza kuzirudisha rafuni, moja moja.
"Hii na hii ni kitu kimoja, rangi tu.
Hii utaikojoa.
Hii, na dawa yako ya presha, hapana.
Hii ya nywele... nywele zako zina nini?"
Sikumjibu. Ikarudi.
Ikabaki chupa ndogo, haina ua wala radi,
kidonge kimoja kila Ijumaa, baada ya chakula.
Riali mbili na nusu.

Nikamuuliza, na wewe, damu yako imeandika ngapi?
Akatazama taa za dari, zile nyeupe ndefu.
Huingia saa mbili asubuhi, hutoka saa nne usiku.
"Saba," akasema,
akacheka kama mtu aliyekutwa anakula mchana wa Ramadhani.

Saa nne ilipogonga akapata mapumziko ya chai.
Tukatoka mlango wa nyuma,
penye matangi ya maji na makatoni yaliyokunjwa.
Nikapandisha mikono ya baibui hadi viwikoni.
Naye koti lake jeupe.
Dereva wa gari la maji akatupita, akarudi nyuma kututazama:
wanawake wawili wazima, mikono wameinyoosha,
kama wanaongoja kuvishwa bangili.

"Kumi," akasema Bindu, kidole juu ya saa.
Dakika ya sita akaitwa ndani.
Nikabaki peke yangu, jasho likinichuruzika mgongoni,
nikizimaliza zake nne.